Yowe Siku ya King'ora

Mimi nilisema tangu siku ya kwanza kwamba kile king'ora kina sauti mbaya. Mzee Nurudini akanijibu mbele ya kamati nzima, "Mama Ndayi, kwani umeambiwa ni cha harusini?" Watu wakacheka, nikanyamaza. Lakini nilinyamaza mdomo tu, roho haikukubali.

Nieleze kwanza, maana watu wa Kibondo mjini wameshalipamba hili jambo mpaka silitambui. Kijiji chetu ni Nyaruhanga, unaiacha barabara ya Nyakanazi unaingia ndani kwa bodaboda. Mwaka jana majambazi walivamia duka la Nurudini, Baba Tunu tunavyomwita, ambaye ndiye wakala wetu wa pesa za simu. Walimkata panga mkono wa kushoto, na hadi leo vidole havikunjiki vizuri. Wangemmaliza kama si mkewe, Swaumu, kutoka uani na kupiga yowe. Kijiji kizima kikatoka na panga na majembe, majambazi wakakimbia. Tangu hapo Nurudini akiona pikipiki asiyoijua anafunga duka mchana kweupe, na Swaumu analala kwa dada yake Kasulu wiki nzima wiki nzima. Mtu ameoa lakini anakula ugali peke yake kama kapera.

Basi tukalia tupewe kituo cha polisi. Serikali ikasikia, ikatuletea ruzuku ya ulinzi wa jamii kupitia halmashauri. Awamu ya kwanza ilitupa king'ora cha sola juu ya ofisi ya kijiji, reflekta za kuvaa, filimbi, kipaza sauti, na kuta za kituo zikafika usawa wa lenta, juu ya madirisha. Awamu ya pili ingeleta bati, milango, na askari wa kukaa hapa hapa. Lakini kabla ya awamu ya pili lazima mkaguzi aje ajionee kwamba king'ora kikilia, watu wanatoka. Nurudini akawa mwenyekiti wa kamati, mimi katibu.

Masharti yalikuwa mawili. La kwanza, yowe likome. Afisa aliyetufundisha alisema yowe linaleta watu wenye hasira na panga mkononi, na watu wenye hasira wameshawahi kumuua mpita njia. Hilo siwezi kulibishia, kila mtu huku anajua kisa chake. La pili, siku ya jaribio isitangazwe. Watu wakijua, si jaribio tena, ni maigizo. Kamati tuliapa, Wakristo kwa Biblia na Nurudini kwa Msahafu. Nami nikaapa vizuri tu, kwa sauti.

Sasa yowe la huku kwetu, induru kama wanavyoliita wazee, lina sheria yake. Kuna yowe la kupotelewa, au la moto: refu, linavutwa. Na kuna yowe la mtu anayeuawa: fupi, linakatika katika, ukilisikia nywele zinasimama. Ukisikia unaitikia, halafu unakimbilia lilikotoka, uwe unakula, unaoga, au mmegombana na huyo anayelia. Usipokwenda, siku yako hatakuja mtu. Na ukilipiga bure unatozwa mbuzi. Mbuzi si kitu, mbuzi huliwa siku hiyo hiyo wakasahau. Tatizo ni kwamba siku nyingine wakisikia sauti yako watasema, "Ah, yule." Watakaa.

Mama yangu anaitwa Esteri Mpawenimana. Alivuka mpaka kutoka Burundi mara mbili kwa miguu, mara ya kwanza akiwa msichana, mara ya pili mimi nikiwa mgongoni. Nimekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, kule Kasulu. Kambi ilipofungwa mimi nilikuwa nimeshaolewa na Kipriani hapa Nyaruhanga, mama akaja kukaa nasi. Uraia anao, karatasi zake amezifunga kwenye mfuko wa plastiki, na huo mfuko haumwachi. Lakini miezi ile ya mwisho ya Mtabila, kila asubuhi honi za malori ya kuwarudisha watu Burundi zilikuwa zinalia, na kila zilipolia kuna jirani hakumwona tena. Mpaka leo lori likipiga honi ndefu barabarani, mama anaacha alichoshika na kuanza kukusanya sufuria. Nyumbani tunamcheka. "Mama, ni lori la mahindi hilo!" Naye anacheka, lakini sufuria haiachii mpaka sauti iishe.

Nilijua hayo yote, na bado sikumwambia. Nilijifariji kwamba nyumba yetu iko nyuma ya kilima, king'ora hakitafika. Uongo mtupu, nilikuwa nakijua kile king'ora.

Asubuhi ile nilimwachia mtoto. Ndayiragije wangu, Ndayi, ana mwaka mmoja na kidogo, na alikuwa na malaria. Zahanati walitupa dawa ya mseto, akaitapika dozi ya kwanza, ya pili ikakaa. Mwili ulikuwa umepoa kidogo. Kipriani alikuwa ameshaondoka na mihogo kwenda sokoni Kasulu. Nikamwambia mama, "Mchana mpe kidonge kimoja, kisage kwenye kijiko. Na usitoke leo, mvua inakuja."

"Kwa nini nisitoke?"

"Mvua, mama."

Aliniangalia. Mama yangu anajua nikidanganya tangu ningali natambaa.

Mkaguzi alikuja na gari la halmashauri. Tulitarajia mzee mwenye tumbo, akashuka dada mmoja mwembamba mwenye ushungi, anaitwa Firdausi, viatu vyake vikazama kwenye tope na hakusema kitu. Nilimpenda kwa hilo. Akatoa simu, akaiweka tayari saa ya kuhesabu dakika, akamwambia Nurudini, "Haya mwenyekiti, washa."

King'ora kikalia. Mbwa wote wa kijiji wakaitikia. Tukasimama na reflekta zetu, tumenyooka, tunatazama njia zote.

Njia zilikuwa tupu. Nikaona mlango wa fundi cherehani unafungwa kutoka ndani, halafu wa jirani yake. Wakaja watoto wa shule wakirukaruka, wakaja mbuzi wa mwenyekiti wa kitongoji, na akaja mzee mmoja mlevi anayekuja popote panapolia kitu. Alisimama mbele ya Firdausi akapiga saluti.

"Ndio hawa?" Firdausi aliuliza.

Nurudini alikuwa anatoka jasho. "Dada yangu, watu wako mashambani."

"Nimeona milango ikifungwa, mzee. Hao hawako shambani."

Baadaye tuliwauliza watu kwa nini walijifungia. Fundi cherehani alinijibu kama ananionea huruma: "Aline, kile kinalia, lakini ni nani anayelia? Nitoke nimkimbilie nani?" Yowe lina mwenyewe. Unasikia, unajua huyu ni Swaumu, huyu ni mke wa fulani, miguu inajua pa kwenda.

Firdausi hakuwa mtu mbaya. Alisema watu wanaweza kuwa hawajazoea, kwa hiyo atarudia jaribio saa tisa kabla ya kuelekea Kasulu. Watu waelezwe kwamba king'ora kikilia wakimbilie ofisini. "Lakini nitapima king'ora peke yake," alisema. "Nikisikia mtu amepiga yowe kuwasaidia, nafunga jalada. Kuna vijiji vingine vinaisubiri hii ruzuku." Nurudini aliitikia kwa kichwa mpaka kofia ikasogea.

Mimi nikakimbia nyumbani kumtazama mtoto.

Mlango ulikuwa wazi. Maharage jikoni yameanza kuungua. Nikaita, "Mama!" Nikaita tena. Mkeka haukuwepo. Sufuria ndogo haikuwepo. Kitenge cha kumbebea Ndayi hakikuwepo, na mfuko wa karatasi pale kwenye msumari haukuwepo. Kwenye kingo ya dirisha kilikuwepo kijiko, na vidonge vya Ndayi kwenye karatasi yake, havijaguswa.

Mana yanje, Mungu wangu. Nikakaa chini kwenye majivu. Sikuhitaji kuambiwa. King'ora kimelia, mama amesikia malori, amemfunga mjukuu mgongoni akaenda kujificha. Na mtoto ana homa, dawa yake ya mchana imebaki hapa, na mbingu upande wa Kasulu imeshakuwa nyeusi.

Nilimpigia Kipriani. Kelele za soko, sauti inakatika. "Umemwangalia kwa majirani?" akasema. Mwanaume akiwa mbali hushauri vitu kama hivyo. Nikamwambia, "Kipriani, amechukua sufuria." Akasema anatafuta pikipiki, anarudi.

Majirani hawakumwona. Mtoto mmoja akasema alimwona bibi anashuka bondeni, anatembea haraka, ameinama. Bondeni kuna mto. Kiangazi unauvuka bila kulowa magoti, lakini wakati huu wa mvua ulikuwa umejaa, umebeba magogo, na wiki iliyopita ulichukua ng'ombe mzima. Ng'ambo yake ni pori, na mtu anayetaka kujificha kweli lazima auvuke.

Nurudini alipopata habari, nimpe haki yake, hakuuliza mara mbili. Aliita kamati yote. Wakashuka bondeni na reflekta zao za njano, filimbi, na kipaza sauti. "Bibi Esteri! Jitokeze! Upo salama! Jitokeze ulipo!" Filimbi huku, filimbi kule. Nilikuwa nakimbia mbele yao nikiita, na nilikuwa nimeshafika kwenye matete ndipo akili ikanijia. Niligeuka nikawatazama. Watu wamevaa sare, wamejipanga mstari, wanapiga filimbi, wanamwambia mtu ajitokeze. Ningekuwa mimi ndiye mama, ningejichimbia ardhini.

"Acheni!" nilipiga kelele. "Vueni hayo mavazi! Acheni filimbi!"

Waliacha, wakashangaa. Katika ule ukimya tukasikia mto. Na pale ukingoni, kwenye tope, nikaona soksi ya Ndayi, ile nyekundu aliyofumiwa na bibi yake.

Nikaiokota. Ilikuwa imelowa. Nilitazama maji yale ya kahawia yanavyokwenda. Jirani akanishika bega akasema, "Soksi huanguka, Aline, soksi za watoto huanguka." Alikuwa anasema kweli, lakini uso wake haukuwa unasema hivyo.

Nilimwita mama kwa sauti ya kawaida, kwa Kirundi cha nyumbani. Mama, ni mimi. Hakuna malori. Njoo, mtoto anataka dawa. Nilijua kama yuko hai yuko karibu, maana matete yalikuwa yamelala upande mmoja na maji yalikuwa hayajajaa kwenye nyayo. Ananisikia, ila hatoki. Na kwa nini atoke? Mtabila nako wale waliokuwa wanawaita waliojificha kwa sauti nzuri, watoke wapande malori, walikuwa ndugu zao wenyewe. Sauti nzuri haimtoi mtu aliyejificha. Anasema moyoni, wamemshika binti yangu, wamemlazimisha aniite.

Matone ya kwanza ya mvua yakaanza.

Halafu Nurudini akatazama simu yake. Nilimwona akitazama, naye akaona kwamba nimemwona.

"Saa tisa inakaribia," akasema taratibu.

"Saa tisa ya nini?"

"Mama Ndayi. King'ora."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Baba Tunu, kikilia tena ataingia majini. Unaelewa? Sasa hivi amekaa ukingoni anasubiri. Kikilia ataingia."

"Nitamwomba mkaguzi asogeze mbele."

Tulipanda kilima tukikimbia, yeye mguu kwa mguu na mimi, mkono wake mbovu ameukumbatia kifuani. Firdausi alikuwa kwenye gari, ameanza kuandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akashuka.

"Pole sana, katibu. Jaribio basi. Siwezi kuwasha king'ora mtoto akiwa mtoni," alisema. "Lakini lazima niseme ukweli, sina siku nyingine. Kesho niko wilaya nyingine. Nitaandika kwamba jaribio la pili halikufanyika."

"Maana yake?" Nurudini aliuliza, ingawa sote tulijua.

"Maana yake awamu ya pili itakwenda kwingine, mzee. Labda mwakani."

Nurudini akakaa kwenye matofali ya kituo, chini ya zile kuta zisizo na bati. Mtu mzima yule, mwenye duka, nikaona kidevu kinacheza. "Mwakani," alisema. "Swaumu hatarudi mpaka mwakani." Nilimhurumia, wallahi, mimi Mkristo nilisema wallahi moyoni. Lakini mwanangu alikuwa mtoni.

Ndipo nikamwambia, "Napiga yowe."

Akainua kichwa. "La kupotelewa?"

"Kwa la kupotelewa hatatoka. Yeye hajapotea, anajua alipo. Napiga lile lingine."

Aliruka kama ameungua. "Wewe Aline! Hakuna anayekuua! Na mkaguzi huyu hapa, jalada bado halijafungwa, labda nikimbembeleza... Ukipiga yowe umetuuza! Na watatoka na panga, watamkata nani? Watamkata huyu dada wa watu!"

"Usiku ule nani alikuokoa, Baba Tunu? Hiyo sola?"

"Swaumu alipiga la kweli!" alisema. "La kweli, Aline! Na walikuja kwa sababu hajawahi kupiga la uongo."

Hapo alinishika pabaya. Hata Firdausi, mgeni, aliona. Nilisimama na soksi mkononi, mvua inanipiga usoni. Nilifikiri habari ya mbuzi, nikafikiri habari ya Kipriani anavyosafiri mara kwa mara na mimi kubaki peke yangu nyumba ya nyuma ya kilima. Nikafikiri siku itakayokuja, maana huku siku huja. Halafu nikafikiri yale maji. Sikufikiri zaidi.

Nilishuka mpaka kwenye kichuguu kikubwa kinachotazama bonde, nikapanda juu yake. Niliweka mkono mdomoni, nikalipiga lile fupi, linalokatika. Nikalitaja jina langu katikati, kama inavyotakiwa, na jina la mama. Mpawenimana! Mwanao anakufa!

Kwa muda hakukuwa na kitu, mvua tu. Kisha upande wa fundi cherehani mtu akaitikia. Upande wa kanisani wakaitikia. Milango ile ile iliyofungwa asubuhi ikafunguka kwa kishindo, wakatoka, wanaume na wanawake, panga, mchi, jembe, mama mmoja na mwiko bado una ugali, wote wanakimbia kwenye tope kuja kwangu, wanaitikia huku wanakimbia. Nurudini naye nilimwona anakuja, mkono mmoja na tofali. Alikuwa anajua ni uongo na bado miguu yake ilikuja.

Mimi sikuwatazama hao. Nilikuwa natazama matete.

Alitoka chini zaidi ya pale tulipotafuta. Alikuwa majini tayari, amelowa mpaka kifuani, kitenge amekipandisha na kukifunga shingoni na Ndayi yuko juu kabisa, karibu na kichwa chake, analia. Nilimsikia mwanangu analia nikashukuru Mungu kwa lugha zote ninazozijua. Mkeka na ule mfuko wa karatasi vilikuwa vimeachwa. Alikuwa ameshika sufuria tu. Mama yangu, na magoti yake yale ambayo Jumapili hayafiki kanisani bila kupumzika mara tatu, alipanda ule mteremko anakimbia, akapita katikati ya watu wenye panga, ameinua sufuria, anatafuta mtu wa kumpiga. Wa kwanza kumkuta karibu yangu alikuwa Nurudini, na bado alikuwa na reflekta. Sufuria ikampata begani.

"Mama, acha! Ni mwenyekiti!"

Alinishika. Akanigeuza, akanipapasa kichwa, shingo, mgongo, anatafuta damu. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. Alikuwa anapumua kwa sauti.

"Yuko wapi?" akauliza.

"Nani, mama?"

"Anayekuua. Yuko wapi?"

Watu walikuwa wametuzunguka, nao wanasubiri jibu hilo hilo. Nilimchukua Ndayi kutoka mgongoni, mwili wake unachoma, nikamkumbatia, nikasema, "Hakuna, mama. Hakuna mtu. Nilitaka utoke."

Panga zikashuka. Hakuna aliyenitukana, ningefurahi kama wangenitukana. Fundi cherehani alifuta mvua usoni, akasema, "Basi mtoto amepatikana, ni heri," akageuka. Mmoja mmoja wakaanza kupanda kilima, wanazungumza chini chini. Yule mama mwenye mwiko alikuwa anachechemea, amejikata mguu akikimbia kuja kwangu.

Mama akawaita. "Subirini!" Wakasimama. "Atozwe mbuzi," alisema, kwa Kiswahili, ili na mgeni asikie. "Kesho. Nitamleta mimi mwenyewe."

Tulimpa Ndayi dawa pale pale ofisini, kwa kijiko cha kuazima, na haikurudi. Firdausi ndiye aliyemshika miguu. Gari lake lilikuwa limewashwa. Alimtazama Nurudini anavyolisugua bega, akatazama simu yake, na nikaona kwamba ile saa alikuwa ameiwasha tangu nilipopanda kichuguu. Hakusema walifika kwa dakika ngapi. Alisema, "Nitaandika nilichokiona. Wataamua wao." Mpaka leo hawajaamua. Kuta zipo, nyasi zimeanza kuota ndani. Nurudini ananiuzia chumvi na mafuta kama kawaida, ananiuliza hali ya mtoto, lakini haniiti Mama Ndayi tena. Ananiita katibu.

Kipriani alifika kabla giza halijaingia, amelowa chapachapa, akamchukua Ndayi akakaa naye kitandani. Homa ilianza kushuka. Mimi nilikuwa jikoni nasugua sufuria ya maharage iliyoungua, na mama amekaa kwenye kigoda, amejifunika blanketi, anaanika karatasi zake moja moja karibu na moto. Majirani walikwenda kumwokotea ule mfuko kwenye matete.

"Nisamehe, mama," nikasema. "Nilijua kitalia. Sikukwambia."

"Ego," alisema. Ndiyo. Akageuza karatasi. "Hilo nilijua asubuhi."

"Ningefanyaje pale mtoni? Ulikuwa unaingia majini na mtoto."

"Ungefanya ulivyofanya. Sikugombezi." Akaupuliza moto. "Lakini wale watu, mwana wanje, nimewaona nyuso walipokuwa wanarudi. Wewe ulikuwa unamtazama mtoto. Mimi nimewaona."

"Nitalipa mbuzi."

"Mbuzi wataula."

Nikaacha kusugua. Nje mvua ilikuwa imepungua, na barabarani kule mbali lori likapiga honi, ndefu. Niliona mkono wa mama unaondoka kwenye karatasi, unakwenda kwenye sufuria, unasimama njiani.

"Siku ikija ya kweli," nikasema, na sauti yangu ilikuwa ndogo kama ya mtoto, "nikipiga tena, utakuja?"

"Nitakuja," alisema mama. "Lakini nitakuja peke yangu."